DHCP Haina Macho, Tusiipe Kazi ya Ulinzi

Kama uliwahi kuvuka kwa kivuko kutoka Kigongo kwenda Busisi, kabla Daraja la J.P. Magufuli halijafunguliwa Juni 2025, unakumbuka hali ilivyokuwa. Lori, basi, pikipiki na waenda kwa miguu, wote chombo kimoja, kila mmoja na nauli yake. Mkata tiketi hakuhitaji kukuuliza unaendesha nini, alikuwa anaona. Dereva wa lori angesema "mimi ni bajaji", watu wangecheka mpaka ng'ambo.

Seva ya DHCP haina macho hayo. Kifaa kikiingia kwenye mtandao bila anwani, kinapaza sauti, na seva inajibu: chukua anwani hii. Juu yake inaongeza mipangilio, yaani machaguo, kila moja na namba yake: ruta (3), seva ya majina (6), muda wa kukaa na anwani (51). Inaweza pia kujibu kila aina ya kifaa kivyake, kwa sababu vifaa vingi hujitaja kwenye chaguo namba 60. Windows husema "MSFT 5.0". Simu nyingi za Android huanza na "android-dhcp". Kompyuta inayowashwa kupitia mtandao hujiita "PXEClient".

Kwa kugawa mipangilio, mfumo huu ni mzuri, tuseme ukweli. Simu ya mezani ya Cisco ikipewa namba 150, inajua seva ya kuchukulia mipangilio yake. Simu za wageni unazipa anwani kwa saa moja, kompyuta za ofisi kwa wiki. Hilo si dogo: mtandao wa /24 una anwani 254 tu za kugawa, na mgeni aliyeondoka asubuhi hana haja ya kushikilia moja mpaka Jumapili.

Ugomvi wangu ni tabia ya kugeuza machaguo haya kuwa uzio. Hebu fikiria kituo cha afya pale Busisi. Fundi ameweka kompyuta za kumbukumbu za wagonjwa, simu za mapokezi na Wi-Fi ya wageni kwenye mtandao mmoja. Kisha anaandika kanuni: kifaa kikijitaja Android, kipewe anwani za kundi jingine. Kwenye ripoti anaandika, "wageni wametenganishwa."

Hawajatenganishwa. Mgeni akiandika anwani kwa mkono kwenye simu yake, haongei na DHCP kabisa. Mwenye Linux anabadilisha maneno ya namba 60 kwa mstari mmoja tu. Hata namba ya MAC siyo ushahidi: simu za siku hizi hutumia ya kubuni, kwa ajili ya faragha. Na kinachobaki wazi hapo ni majibu ya vipimo vya watu.

Waasisi hawakutudanganya. RFC 2131 ya Machi 1997, iliyoandikwa na Ralph Droms, inakiri yenyewe kwamba DHCP haina usalama wa kutosha. Mwaka 2001 ikaja RFC 3118 kuongeza uthibitisho, haikuenea. Kwa hiyo lawama nyingi ni zetu tunaofundisha. Somo huishia pale kifaa kinapopata mipangilio sahihi, na mwanafunzi anaondoka akidhani kupangiwa anwani tofauti ni sawa na kuzuiwa.

Ukuta ujengwe kwenye swichi: kila kundi na VLAN yake, na kanuni kwenye ruta za nani aongee na nani. Ndani ya kila VLAN, DHCP igawe mipangilio kama kawaida.

Unataka kuhakikisha? Kwenye mtandao unaousimamia wewe, unganisha simu kwenye Wi-Fi ya wageni, iandikie kwa mkono anwani ya upande wa ofisi, halafu jaribu kuifikia seva ya kumbukumbu. Ikifunguka, rudi kwenye swichi kabla hujaandika ripoti.