Jani Lisilotikisika

"Hapa tusimame," alisema mzee aliyekuwa akiniongoza, na kazi yake ikaanza.

Tulikuwa ndani ya msitu wa Arabuko-Sokoke. Nyuma yetu tuliacha miti ya mirihi na mchanga wake mweupe. Sasa tulikanyaga udongo mwekundu, katikati ya vichaka vya Cynometra vilivyosongamana hata jua linapenya kwa vipande. Humu hulala bundi mdogo wa Sokoke, ndege wa sentimita 16 hivi. Wanasayansi walimtambua miaka ya 1960, na nje ya pwani hii ya Kenya wanamjua mahali pamoja tu: misitu ya chini ya Usambara Mashariki, Tanzania.

Wapo wanaomwita kwa sauti iliyorekodiwa kwenye simu. Mimi sipendi; ni kumgongea mlango aliyelala. Mzee hutumia masikio. Kabla sijaamka alikuwa ameshafika msituni gizani, akasikiliza mluzi wa mwisho ulitoka wapi kabla ya kupambazuka. Kutoka hapo ni miguu na macho. Alitangulia kuweka ncha ya mguu, akapapasa chini ya majani makavu, ndipo akashusha kisigino. Tawi likimzuia halisukumi kwa mkono, anainama yeye. Na hakuangalia juu kama mimi. Alipekua vichaka kwa usawa wa kifua, kimoja kimoja, bila haraka.

"Mwanangu, usitafute ndege," alininong'oneza. "Upepo ukipita, tafuta jani lisilotikisika."

Nikangoja upepo. Nilikuwa nimeingia msituni na madeni na simu zisizojibiwa kichwani, na sijui vilinitoka saa ngapi. Palibaki pumzi yangu, mbu sikioni, majani.

Upepo ukapita. Mzee akaonyesha kwa kidevu.

Walikuwa wawili, bega kwa bega, mmoja wa kijivu, mwenziwe mwekundu kama udongo ule. Hatua tatu tu! Wa kijivu alifumbua jicho, ufa mwembamba wa manjano, akalifumba tena.

Mzee hakunipa muda mrefu. Alinigusa kiwiko, tukarudi kinyumenyume mpaka kichaka kikawafunika. Tulipofika njia kuu, mbali kabisa, ndipo akainama akakohoa, kikohozi kirefu alichokuwa amekibana muda wote ule.