Risasi, Kiasi na Punje: Uhakiki wa Istilahi za Bunduki ya Wenzo

Imetufikia rasimu ya tafsiri ya mwongozo mfupi wa kigeni, unaomfundisha mwindaji jinsi ya kujaza kwa mkono maganda ya bunduki ya Winchester, ile ambayo hutiwa risasi mpya kwa kusukuma na kuvuta wenzo ulio chini ya kifyatulio. Mfasiri ni mtu hodari na Kiswahili chake ni laini. Lakini mwongozo wa namna hii haupimwi kwa ulaini. Kazi inayoelezwa ni ya kupima baruti kwa mizani ndogo, ganda baada ya ganda, na neno lisilo na mpaka laweza kupasua mtutu karibu na uso wa msomaji. Hatuna haja ya kukumbusha kwamba kazi hiyo haifanywi bila kibali. Tunalojadili hapa ni maneno.

Katika ukurasa wa kwanza twasoma: "Pima risasi kabla ya kuitia katika risasi." Mfasiri hakukosea sarufi. Alichokosa ni neno la pili. Risasi kwa asili ya Kiarabu ni madini yenyewe, na hata leo fundi husema risasi akiwa na maana hiyo. Kisha ni kile kipande kinachoruka na kumpiga mnyama. Kisha, kwa mazoea ya magazeti na mahakama, ni kitu kizima: ganda, fataki, baruti na kipande hicho pamoja. Katika habari za polisi maana hizi tatu hazigombani. Katika mwongozo wa kujaza, ambapo kila kiungo hupimwa peke yake, zagombana kila mstari.

Neno la pili lilikuwapo. Edward Steere, katika kitabu chake cha lugha kilichotoka mwaka 1870, aliandika "kiasi cha bunduki" kwa kitu kizima. Wakati huo baruti na risasi ya mpigo mmoja zilifungwa pamoja katika karatasi, na aliyeziona aliziita kwa sifa yake kubwa: zimekwisha kupimwa. Twaona kwamba neno hilo limebeba ndani yake kazi yote anayohangaika nayo mfasiri wetu. Kujaza ganda kwa mkono ni kutengeneza kiasi. Kwa hiyo yafaa sentensi yake isomeke: "Pima risasi kabla ya kuitia katika ganda," na kile kinachopatikana mwisho wa kazi kiitwe kiasi, wingi viasi.

Mtu atauliza kwa nini neno zuri hivyo likapotea pwani. Si kwa sababu bunduki za namna hii hazikufika. Msafara wa Stanley ulioondoka Bagamoyo mwezi Machi 1871 ulibeba bunduki za wenzo za Winchester na Henry, pamoja na bunduki 24 za gumegume. Wapagazi na askari wa misafara waliziona na kuzibeba. Lakini Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia kuingizwa kwa bunduki za kisasa na viasi vyake katika sehemu kubwa ya Afrika, ukaruhusu kwa masharti gumegume na baruti ya kawaida tu. Kwa maoni yetu hapo ndipo msamiati ulipogawanyika. Mwananchi alibaki na gobori, akabaki pia na maneno yake yote: mdeki, fataki, goroli, kushindilia. Kiasi cha shaba kilikuwa mikononi mwa serikali na mwindaji mgeni, na kiliitwa kwa lugha ya mwenye nacho.

Utajiri huo wa gobori ndio uliomponza mfasiri. Mahali ambapo mwongozo wasema ganda lijazwe, yeye ameandika "shindilia baruti". Msomaji wa Saadani au Mkwaja aliyewahi kuona gobori anajua kushindilia ni nini: ni kuingiza mdeki kwa mdomo wa mtutu na kugandamiza mpaka kila kitu kikae imara. Katika ganda la kisasa hakuna kushindilia. Kina cha kuikalisha risasi hupimwa, kwani ikizama kupita kipimo nafasi ya ndani hupungua na mkandamizo wa gesi huongezeka. Tunashauri "kujaza" kwa ganda, "kukalisha" kwa risasi, na "kushindilia" liachiwe gobori.

Hatari kubwa zaidi imo katika neno baruti lenyewe, ambalo rasimu imeliacha tupu kutoka mwanzo hadi mwisho. Baruti ya gobori ni baruti nyeusi, na wenye gobori wamezoea kuipima kwa ujazo. Baruti ya viasi vya leo ni baruti isiyo na moshi, yenye nguvu nyingi zaidi kwa ujazo uleule. Anayeijaza katika gobori kama alivyozoea anatengeneza bomu. Majina haya mawili ni marefu, lakini yaandikwe kwa ukamilifu kila mara, hata kama mhariri atalalamika.

Twaja kwenye punje. Waingereza na Wamarekani hupima baruti na risasi kwa kipimo kidogo kiitwacho greini, ambacho 7,000 hufanya ratili moja. Asili yake ni punje ya nafaka, naye mfasiri akarudi kwenye asili: "risasi ya punje 170", "punje 30 za baruti". Kosa la kwanza lachekesha tu. La pili halichekeshi, maana baruti nayo ni punje, zinaonekana kwa macho, na mtu mwaminifu ataketi azihesabu hadi 30! Hata jina la kiasi anachokizungumzia, 30-30, lilichotoka mwaka 1895, limejengwa juu ya kipimo hiki: tarakimu ya kwanza ni kipenyo katika sehemu za mia za inchi, ya pili ni greini 30 za baruti. Iandikwe greini, na kando yake gramu: greini moja ni milligramu 64.8, kwa hiyo greini 30 ni gramu 1.94, na risasi ya greini 170 ni gramu 11 hivi.

"Ncha bapa" ni dogo, lakini lina madhara. Ncha ni kilichochongoka. Kikiwa bapa si ncha tena. Na hapa umbo ndilo jambo, kwa kuwa katika bunduki nyingi za wenzo viasi hulala katika bomba chini ya mtutu, kimoja nyuma ya kingine, kichwa cha risasi ya nyuma kikigusa fataki ya kiasi cha mbele. Risasi iliyochongoka yaweza kuilipua fataki hiyo bunduki inapopiga teke. Iitwe risasi ya kichwa bapa.

Kuhusu "usahihi", mwongozo una mambo mawili na rasimu ina neno moja. Mwindaji akipiga mara tano, matundu yakasongamana shubiri moja kushoto mwa alama, kiasi chake ni kizuri na kilichopotoka ni kilengeo. Matundu yakizagaa pande zote za alama, hata arekebishe kilengeo mpaka jua lizame hapati kitu, maana kasoro imo katika ujazaji. La kwanza ni usahihi. La pili tunapendekeza liitwe msongamano, ingawa tunajua neno hilo limekwisha kuchukuliwa na magari ya Dar es Salaam.

Lipo pingamizi moja dhidi ya kiasi ambalo ni la haki. Neno hili leo lina maana pana ya kadiri yoyote, na sentensi kama "kiasi cha baruti katika kiasi" itarudisha mkanganyo uleule kwa mlango mwingine. Jibu letu ni kwamba katika maandishi ya fani hii baruti ipewe "kipimo", na kiasi kibaki na bunduki. Wako watakaosema afadhali "risasi kamili". Hatulikatai kwa mazungumzo, lakini watunga sheria walifikirie. Sheria ya mwaka 2015 ya udhibiti wa silaha na risasi hutajwa kwa jina hilo, na tangu marekebisho ya mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria. Mtu akikamatwa na maganda matupu na kopo la fataki, bila kipande hata kimoja cha madini, je, amekamatwa na risasi? Wakili atauliza, na hakimu atafungua kamusi.

Fataki tumeiacha kama ilivyo, japokuwa watoto wa mjini huijua kwa sikukuu. Wasomaji wa Pangani, Winde na Bagamoyo ambao wazee wao wana jina jingine la kile kidude cha shaba kinachogongwa na nyundo ya bunduki, watuandikie kabla orodha haijapelekwa kwenye kamati.