Ukuta Usiojua Chokaa

Fundi aliyezoea saruji akifika Konso, kusini mwa Ethiopia, jambo la kwanza atausukuma ukuta kwa kiganja. Hautikisiki. Baina ya jiwe na jiwe hamna saruji, chokaa wala udongo. Ni mawe ya volkeno yaliyokaliana tu.

Wakonso walijenga miji yao juu ya vilima, adui aonekane angali mbali, kisha wakaizungushia kuta. Mji mwingine una ukuta mmoja, mwingine hata sita, huu nje ya ule. Wala zote sita hazikujengwa kwa mara moja. Watu walipozidi, nyumba zilimwagika nje, nazo zikazungushiwa ukuta wao. Wa zamani haukuwa na sababu ya kubomolewa, ukaachwa pale pale katikati ya mji. Ujuzi huu una zaidi ya miaka 400, vizazi 21, na mwaka 2011 UNESCO iliitia nchi hiyo ya mawe katika orodha ya urithi wa dunia.

Sogea karibu uone kazi yenyewe. Ukuta mkavu husimama kwa uzito wake. Jiwe refu hulazwa likiingia ndani, kichwa tu kikabaki nje. Kila jiwe hukalia mawili ya chini yake, ufa usipate njia ya kushukia. Penye mwanya husokomezwa vijiwe. Patasi haina kazi kubwa hapa. Kazi ni ya jicho, maana fundi hulitazama jiwe na pengo lake kabla hajainama kuliokota, na mimi ustadi huo nauweka juu ya ule wa kuchonga.

Mikono hiyo hiyo ndiyo inayojenga matuta ya mashamba ya mtama, mengine kimo cha mita 5. Mvua ya huko ni ya kubahatisha, lakini ikija huja kwa fujo. Maji hupenya kwenye mianya, udongo ukabaki. Ukuta wa saruji usio na matundu ungeyazuia nyuma yake hadi ukafura tumbo.

Kenya tuna jamaa wa kuta za Konso, Thimlich Ohinga kule Migori, kuta kavu zenye nyuso mbili zilizofungwa pamoja na mawe ya kati. Wenyewe walihama karne iliyopita, sasa ni makumbusho. Konso watu wangali wanaishi humo humo. Upande ukiporomoka, mawe yako pale chini. Huokotwa, yakapangwa tena.