Upya wa Muziki wa Roki: Kipimo cha Maneno na Kipimo cha Sauti

Swali la iwapo muziki wa roki wa vizazi vya karibuni unatofautiana kwa kweli na ule uliotangulia limezoeleka kujibiwa kwa kulinganisha mashairi ya nyimbo. Sehemu hii inajenga hoja kwamba kipimo hicho, kikitumiwa peke yake, humpotosha mhakiki. Makundi mawili yanatosha kulidhihirisha hilo: Led Zeppelin la Uingereza na Greta Van Fleet la Marekani.

"Whole Lotta Love" ya Led Zeppelin ilitoka mwaka 1969. Sehemu ya maneno yake inafuata "You Need Love", utungo wa Willie Dixon uliorekodiwa na Muddy Waters mwaka 1962, ingawa Dixon hakutajwa. Alifungua shauri mwaka 1985. Likamalizwa mwaka 1987 kwa makubaliano nje ya mahakama, na baadaye jina lake likaongezwa miongoni mwa watunzi. Kwa jicho la mwingilianomatini, basi, wimbo huu ni bluzi ya wazee iliyovishwa vazi jingine. Sikio linakataa. Katikati ya wimbo gitaa linaacha mdundo wake wa kurudiarudia, ngoma na matoazi yanaendelea, na juu yake inapanda milio ya umeme yenye mwangwi inayohama kutoka spika moja hadi nyingine. Rekodi ya mwaka 1962 haina kitu cha namna hiyo, na hakuna unukuzi wa mashairi utakaoionyesha tofauti hiyo, kwa kuwa ilitungwa kwenye mitambo ya studio.

Greta Van Fleet ni kinyume chake. "From the Fires", iliyopata tuzo ya Grammy ya albamu bora ya roki mwaka 2019, ina nyimbo nane; sita ni tungo zao, na mbili ni za Sam Cooke na Fairport Convention, nao wanatajwa. Maneno ni yao, lakini sauti ya juu ya Josh Kiszka na uzito wa gitaa vinamrudisha msikilizaji kwa Led Zeppelin. Wahakiki waliowalaumu kwa uigaji hawakukosea kuhusu sauti. Walichosahau (na hili si dogo) ni kwamba waliifanya Led Zeppelin kuwa chanzo, Dixon akafutwa mara ya pili.

Sheria ya hakimiliki ilimpa Dixon njia ya kudai kwa sababu maneno hulindwa. Aina ya sauti haina mwenyewe mbele ya mahakama. Mhakiki aliyelelewa katika fasihi, anayechambua hata Bongo Fleva kwa mashairi yaliyonukuliwa tu, hurithi upungufu huohuo wa sheria bila kujua. Kwa sababu hiyo, data ya msingi katika sura zinazofuata ni rekodi zenyewe, na unukuzi wa mashairi umewekwa kuwa kisaidizi.