Kiitikio na Kabila: Nyimbo za Wanawake wa Mashamba ya Chai

Uhakiki wa fasihi simulizi nchini Kenya una deni kubwa kwa wanawake. Vitabu vya Naomi Kipury juu ya Wamaasai (1983) na Ciarunji Chesaina juu ya Wakalenjin (1991) vimehifadhi mengi ambayo yangalipotea. Hata hivyo, vyote viwili vinalichukua kabila kuwa ndilo mpaka wa jamii. Mpaka huo wafaa kwa wimbo wa kubembelezea mtoto nyumbani. Katika mashamba ya Kericho na Bomet hautoshi.

Tangu miaka ya 1920, mashamba makubwa ya chai yamewakutanisha Wakipsigis, Wakisii, Waluo na Waluhya. Wanawake wasiojua lugha ya mama ya wenzao hukutana katika Kiswahili, kwenye kwaya na vikundi vya akiba. Mmoja huanza, wengine huitikia. Na mgeni anayejua kiitikio tu amekwisha kuwa mwenzao. Kwa hiyo kiitikio si pambo la wimbo, bali ni mlango wa ujirani. Mkusanyaji anayeuliza kwanza wimbo ni wa kabila gani huupita mlango huo bila kuuona.

Suala hili halingoji. Mashine za kuchumia majani zinapunguza wachumaji. Mei 2023 baadhi yazo zilichomwa moto huko Kericho. Wachumaji wakitawanyika, waitikiaji nao hutawanyika. Hapana budi idara za lugha zikusanye nyimbo hizi shamba kwa shamba, na kila mkusanyo uonyeshe nani alianza na akina nani waliitikia.