Tope la Panya wa Majini: Visasili vya Uumbaji vya Wakrii na Suala la Kurejea Asili

1. Tatizo

Mwacha asili ni mtumwa, wasema wahenga. Methali hii, pamoja na umashuhuri wake, ina upungufu mmoja: inamchukulia mwacha asili kuwa ameiacha kwa hiari yake. Haina neno juu ya mtu aliyenyang'anywa asili yake akiwa mtoto, akafunzwa kuionea haya, kisha akaambiwa utu uzimani kuwa yu huru kuirudia. Hali hiyo ndiyo iliyowafika wengi miongoni mwa Wakrii, taifa la wenyeji asilia ambalo makao yake yameenea Kanada kutoka Quebec upande wa mashariki hadi Alberta upande wa magharibi.

Kuanzia karne ya kumi na tisa hadi miaka ya 1990, serikali ya Kanada na makanisa waliendesha shule za bweni zilizokusudiwa kuwatenga watoto wa wenyeji na wazazi wao, lugha zao na imani zao. Tume ya Ukweli na Maridhiano, iliyoundwa mwaka 2008 na kutoa ripoti yake ya mwisho mwaka 2015, ilikadiria kuwa watoto wasiopungua 150,000 wa mataifa mbalimbali ya wenyeji walipitishwa humo. Aidha, sheria iliyorekebishwa mwaka 1895 iliharamisha sehemu muhimu za ibada za watu wa nyika, na vizuizi hivyo havikufutwa hadi mwaka 1951. Mnyororo wa usimulizi baina ya bibi na mjukuu ulikatwa kwa makusudi.

Katika miongo ya karibuni pamezuka juhudi za kuunga upya mnyororo huo, na visasili vya uumbaji vimewekwa mstari wa mbele katika juhudi hizo. Makala haya yanachunguza swali moja: ni kitu gani ndani ya kisasili chenye uwezo wa kumrejesha mtu kwao? Je, ni tukio linalosimuliwa, ni lugha inayolibeba, au ni uhusiano uliopo baina ya msimulizi na msikilizaji?

2. Istilahi

Mhakiki wa Kiswahili akiyakabili masimulizi haya hutamani kuyagawa katika mafungu aliyoyazoea: ngano, hekaya, visakale, visasili. Wakrii wana mgawanyo wao wenyewe, nao hauna budi kutangulizwa. Wao hutofautisha atayohkewin na acimowin. Acimowin ni habari: mambo yaliyompata msimulizi au watu wanaojulikana. Atayohkewin ni simulizi takatifu la nyakati ambapo ulimwengu ulikuwa ungali unapata umbo lake. Neno hili la pili lina uhusiano na atayohkan, yaani kiumbe wa kiroho anayeishi ndani ya simulizi hilo. Kwa hiyo kulisimulia si kueleza tu jambo lililopita. Ni kumtaja aliye hai.

Ndiyo sababu kwa kawaida masimulizi hayo hutengewa majira ya baridi, theluji ikiwa imetanda. Mwiko huu si pambo. Unalifanya simulizi kuwa tendo lenye wakati wake, kama vile ibada ilivyo na wakati wake. Neno "kisasili" linatumika katika makala haya kwa sababu ya wepesi tu. Lisichukuliwe kwa maana ya uzushi wa kale uliopitwa na wakati.

3. Gharika

Mhusika mkuu wa masimulizi haya ni Wisahkecahk. Vitabu vingi humwita ayari, naye kweli ana hila, ulafi na upumbavu ambao humletea aibu. Lakini ayari huyuhuyu ndiye aliyeitengeneza upya dunia baada ya gharika. Wisahkecahk akiwa juu ya maji pamoja na wanyama, anawaomba wazamie walete udongo. Wanazamia waogeleaji hodari, biva na fisi maji, nao wanashindwa. Mwishowe anazamia panya wa majini, kiumbe mdogo asiyetarajiwa. Anakaa chini muda mrefu; anapoibuka yu hoi, na katika masimulizi mengine amekwisha kufa, lakini makuchani mwake mmenaswa tope kidogo. Wisahkecahk analipulizia pumzi tope hilo, nalo linapanuka hadi kuwa nchi kavu.

Wasomaji waliolelewa na Biblia au Kurani huwa wepesi kuliunganisha simulizi hili na kisa cha Nuhu. Ufananisho huo unapotosha. Katika masimulizi kadhaa ya Wakrii wa nyika, gharika haiji kama adhabu ya Mungu kwa wakosefu. Wisahkecahk alikuwa na ndugu, mbwa mwitu, na ndugu huyo aliuawa na viumbe wa majini. Wisahkecahk alilipiza kisasi, na maji yakafuata kisasi hicho. Chanzo cha maangamizi, basi, ni msiba wa nyumbani: undugu umevunjwa, na huzuni ya aliyebaki ikaidhuru dunia nzima. Wala panya wa majini hachaguliwi kwa wema wake. Anajitolea kwa sababu ameombwa na mtu anayemhesabu kuwa ndugu.

Jambo la pili ni kwamba hapa hapana uumbaji kutoka utupu. Nchi mpya inafanyizwa kwa tope la nchi ya zamani ambayo ingaliko chini ya maji. Pasipo tope hilo pumzi ya Wisahkecahk isingefaa kitu, na pasipo pumzi tope lingebaki tope. Hapa ndipo simulizi linapoligusa suala la kurejea asili, tena bila kulazimishwa na mhakiki. Linakataa madai mawili yanayosikika mara kwa mara: kwamba kilichozama kimekwisha, na kwamba kitarudi kama kilivyokuwa.

4. Buibui

Isidhaniwe kuwa Wakrii wana kisasili kimoja tu. Miongoni mwa Wakrii wa vinamasi, kwenye pwani za Ghuba ya James na Ghuba ya Hudson, husimuliwa juu ya watu wawili waliokuwa wakiishi nchi ya juu. Walitamani nchi waliyoiona chini yao, na buibui mkubwa akawateremsha kwa uzi wake. Waliagizwa wasichungulie kabla ya kufika. Wakachungulia, hivyo wakaishia ndani ya kiota juu ya mti, wasiweze kushuka hadi waliposaidiwa na wanyama. Mzee Louis Bird wa watu wa Omushkego ni mmoja wa waliolisimulia na kulifafanua, na masimulizi ya watu wake yalitolewa katika kitabu mwaka 2005. Huko Manitoba, Wilfred Buck wa Opaskwayak ameyakusanya masimulizi ya nyota, na humo asili ya binadamu inahusishwa na tundu la mbingu, lile kundi la nyota ambalo Waswahili huliita Kilimia.

Simulizi la gharika linaeleza jinsi nchi ilivyopatikana. La buibui linaeleza jinsi watu walivyoijia nchi iliyokwisha kuwa na wenyeji, nao wenyeji hao ni wanyama. Mwanadamu anaingia akiwa mgeni, mwenye kosa, tena mwenye deni la kusaidiwa. Haya hayapingani, kila moja lajibu swali lake. Mhariri anayetaka kuyaunganisha yawe "kisasili cha Wakrii" kimoja anafuta tofauti za mahali ambazo kwa wenyewe ndizo asili yenyewe.

5. Lugha

Katika masimulizi haya Wisahkecahk huwaita viumbe nisimitik, "enyi wadogo zangu", nao humwita kaka. Wito huu ndio uti wa mgongo wa kazi nzima. Wakrii wana neno wahkohtowin, yaani ujamaa, pamoja na wajibu unaoandamana nao. Na neno nisimitik linautenda ujamaa huo kila linapotamkwa. Tafsiri nyingi za Kiingereza huulegeza wito huu, na simulizi likabaki vituko vya wanyama tu.

Kiswahili kina nafasi bora zaidi katika jambo hili. "Wadogo zangu" ni wito unaotumika nyumbani hata leo, si mfano wa kubuni. Vilevile Kikrii, kama Kiswahili, hakitofautishi mume na mke katika kiwakilishi cha nafsi ya tatu; mtafsiri halazimiki kuamua jambo ambalo lugha asilia haikuliamua. Tomson Highway, mwandishi Mkrii wa tamthilia The Rez Sisters ya mwaka 1986, ameisisitiza sifa hii alipomweleza ayari kuwa hafungwi na jinsia.

Sarufi ya Kikrii hugawa nomino katika ngeli mbili: ya vyenye uhai na ya visivyo na uhai. Jiwe limo katika ngeli ya vyenye uhai. Kiswahili nacho humpa mhusika wa ngano upatanisho wa a-wa hata kama nomino yake ni ya ngeli nyingine, na mtafsiri mwenye ujasiri anaweza kuandika "jiwe akasema" pasipo kumshangaza msikilizaji wa ngano. Hata hivyo, tahadhari inahitajika. Wako wanaodai kuwa ngeli hiyo ni falsafa kamili ya Wakrii. Sarufi haiwaungi mkono moja kwa moja: katika Kikrii cha nyika tunda la rasiberi lina uhai kisarufi, ilhali stroberi halina, na hakuna azuaye imani kutokana na tofauti hiyo. Ngeli huacha mlango wazi. Anayeuingia ni msimulizi.

Kiswahili nacho kina mpaka wake. Kikrii hutenga kiyanaw, "sisi pamoja nawe", na niyanan, "sisi bila wewe". "Sisi" ya Kiswahili haiwezi kuonyesha iwapo msikilizaji amekaribishwa ndani au ameachwa nje, na kwa mtu anayetafuta kurejea kwao hakuna tofauti iliyo kubwa kuliko hiyo.

6. Kitabu na kinywa

Mwanaisimu Mmarekani Leonard Bloomfield alikaa Sweet Grass, Saskatchewan, mwaka 1925, na mwaka 1930 akachapisha masimulizi matakatifu kwa Kikrii pamoja na tafsiri. Miongoni mwa wasimulizi wake alikuwamo mzee kipofu aliyejulikana kwa Kiingereza kama Coming-Day. Bloomfield alifika huko majira ya joto. Masimulizi ya baridi yakasemwa jua likiwaka. Kwa mtazamo wa mwiko, kitabu hicho kilizaliwa nje ya msimu wake. Lakini ni hichohicho kinachowawezesha wajukuu kusoma maneno ya wazee kwa lugha ya wazee. Edward Ahenakew, kasisi ambaye mwenyewe alikuwa Mkrii, alichapisha masimulizi ya Wisahkecahk mwaka 1929, lakini kwa Kiingereza. Tukio lilihifadhiwa, wito ukapotea.

Tofauti baina ya machapisho haya mawili yajibu sehemu ya swali la makala haya. Tukio pekee halitoshi. Ndiyo maana kazi ya Freda Ahenakew (1932–2011), mwanaisimu Mkrii aliyehariri maneno ya wazee kwa Kikrii na kuandika juu ya ufundishaji wa sarufi yake, ina uzito usiopungua ule wa mkusanyaji wa visasili. Ndiyo maana pia wazazi walioikalia shule ya bweni ya Blue Quills huko Alberta mwaka 1970, hata ikawekwa chini ya uongozi wa wenyeji wenyewe, walitenda tendo la kifasihi bila kuliita hivyo: walirudisha mahali pa kusimulia. Mshairi Louise Bernice Halfe, aliyewahi kuwa mwanafunzi wa shule hiyo, huyachanganya maneno ya Kikrii na Kiingereza katika mashairi yake. Mchanganyiko huo usihukumiwe kuwa udhaifu wa lugha. Ni ushahidi wa kiasi cha tope kilichopatikana.

Yapo maoni makali yasemayo kuwa asiyejua Kikrii hana haki ya visasili hivi. Sensa ya Kanada ya mwaka 2021 ilihesabu wasemaji wa lugha za Kikrii zaidi ya 80,000. Hata hivyo Wakrii wengi hawaijui lugha, na waliopokonywa lugha hawawezi kuadhibiwa mara ya pili kwa kuikosa. Yapo pia maoni kinyume, kwamba yeyote asomaye simulizi na kuguswa nalo amekuwa mrithi wake. Haya ni hatari zaidi, kwani Kanada imeshuhudia watu wasio na nasaba wakijitwalia asili ya wenyeji kwa kusoma tu. Wahkohtowin haijengwi na msomaji peke yake. Sharti pawe na mwingine wa kumwita mdogo wake.

7. Hitimisho

Yanayobainika ni mambo matatu. Kwanza, visasili vya Wakrii havirejeshi asili kwa kutoa habari juu ya mwanzo wa dunia, bali kwa kumweka msikilizaji katika mahali pa ndugu. Pili, mahali hapo pamejengwa katika lugha, hasa katika wito na viwakilishi. Kwa hiyo tafsiri yoyote ipimwe kwanza kwa jinsi inavyoshughulikia wito. Tatu, maandishi ni hazina halali mradi yarudi kinywani. Mwanafunzi wa fasihi simulizi atakayeyasoma masimulizi haya kwa Kiswahili aelezwe wazi kwamba yu mgeni: amekaribishwa kusikiliza, lakini hakuhesabiwa katika kiyanaw. Na Mkrii anayeanza na neno moja tu, nisimitik, asidharauliwe. Panya wa majini hakuleta zaidi ya kiasi cha ukucha.