Heko, makarani wa parokia

Anayewatafuta mababu zake wa Uingereza wa miaka 400 iliyopita ana deni kwa makarani wa parokia. Mwaka 1538 Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry VIII, aliagiza kila parokia iwe na daftari la ubatizo, ndoa na maziko. Kila Jumapili matukio ya wiki yaliandikwa mbele ya mzee wa kanisa, kisha daftari likarudishwa sandukuni na kufungwa kwa kufuli.

Mwaka 1598 ikaamriwa madaftari yawe ya ngozi, na yale kuukuu ya karatasi yanakiliwe, hasa kuanzia 1558 Malkia Elizabeth I aliposhika enzi. Ndiyo maana mengi yanaanzia hapo. Tena kila mwaka nakala ilipelekwa kwa askofu. Panya wakila daftari, nakala ipo. Hekima iliyoje!

Mstari wenyewe wa ubatizo ni mfupi: tarehe, jina la mtoto, jina la baba, kwa wino uliogeuka hudhurungi. Jina la mama mara nyingi halimo, na hilo linaniuma.

Kwa mababu wa kabla ya 1538 kuna wosia, na kuna kumbukumbu za mabaraza ya mabwana wenye ardhi, kwa Kilatini, zikitaja mkulima aliyerithi kipande cha shamba cha babake.

Na ninyi watunza nyaraka wa leo, mnaokilaza kitabu juu ya mto laini na kumfunulia mgeni ukurasa taratibu: ahsanteni sana.